Mgeni Asiyekuwemo Kikosini

Mgeni alijua kila kitu cha chumba cha kubadilishia nguo, lakini mpira wenyewe hakuujua. Hilo ndilo lililomtia katibu mashaka.

"Bomba lilikuwa likivuja pale karibu na mlango," mgeni alisema. "Beki wenu wa kushoto alikuwa akitapika kabla ya kila mechi. Na kocha akikasirika hakupiga kelele. Alinong'ona."

Yote yalikuwa kweli. Katibu aliweka kalamu chini, juu ya karatasi zilizojaa meza nzima. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika historia ya klabu aliyokuwa katibu wake, klabu iliyowahi kujaza uwanja mpaka watu wakapanda kuta, na ambayo sasa haina hata kibao. Uwanja wenyewe umegeuka ghala la saruji. Ijumaa alisoma sura ya mwisho redioni. Jumanne asubuhi mzee huyu akabisha hodi, shati limepigwa pasi kama anakwenda kuposa, akajitambulisha kuwa ni fundi umeme mstaafu. Akasema, "Nimo katika msimu ule wa mwisho. Naomba uniandike."

"Fundi umeme na mpira wapi na wapi?" katibu aliuliza. "Kikosi kile nakijua kama vidole vyangu. Ulivaa jezi namba ngapi?"

"Namba sikupewa."

"Goli letu la mwisho pale nyumbani lilifungwa kwa mguu au kwa kichwa?"

Mgeni alitazama mikono yake. "Hilo sikuliona."

Katibu nusura acheke. Tangu asome redioni, watu saba walikuwa wamempigia simu wakidai waliichezea klabu. Mmoja wao, ukipiga hesabu, wakati ule alikuwa na umri wa miaka sita.

Mkewe aliingia na chai. "Mwache mgeni apumue, baba," alisema, kisha akamgeukia mgeni. "Mzee wangu huyu anashuku hata kivuli chake."

"Kivuli nacho kinanifuata bila kualikwa," katibu alijibu.

Mgeni hakucheka. "Ile sura uliyoisoma," alisema. "Ya msaliti. Una hakika nayo?"

Katibu alimkazia macho. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akitaka kufika.

Hakika alikuwa nayo. Msimu ule ugenini walishinda, nyumbani wakafungwa, mechi baada ya mechi. Kila mpango ambao kocha aliupanga wakati wa mapumziko, dakika chache baada ya kurudi uwanjani wapinzani walikuwa wameshaujua. Winga akihamishwa upande, beki yuko pale anamsubiri. Timu ikashuka daraja, mashabiki wakasusa, klabu ikafa. Lazima siri aliitoa mtu wa ndani. Na golikipa alikuwa ameonekana mara mbili, kabla ya mechi, akicheka na wapinzani nyuma ya vyoo.

Golikipa alikuwa mdogo wake katibu, baba mmoja, mama mmoja. Katibu mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wanachama akamtaja. Ni miaka ishirini na sita sasa, nyumba zao zimeachana mitaa miwili, na salamu hakuna. Hata walipomzika mama yao walisimama kila mmoja upande wake wa kaburi.

"Shemeji hajaacha kuapa kwamba hakufanya," mkewe alisema polepole. Akachukua sinia akatoka.

Katibu akajumlisha moja na moja.

"Kumbe golikipa ndiye aliyekutuma! Amekujaza maneno ya chumbani uje ujifanye mwenzetu, halafu unishawishi kwamba hana hatia. Mwambie maji yakimwagika hayazoleki."

"Mdogo wako sijapata kuzungumza naye," mgeni alisema. "Nikimwona kwa mbali nabadili njia."

"Basi nani alikusimulia? Mlango ule ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu!"

Mgeni alikunywa chai funda moja, akakirudisha kikombe taratibu.

"Kocha wenu alikuwa mrefu kama mlingoti," alisema, "na kofia haikumtoka kichwani. Lakini utosini alikuwa na kovu la moto. La mviringo, kama kisahani hiki."

Katibu alikitazama kisahani. Kovu lile kocha aliwaficha hata wachezaji. Aliivua kofia mara moja tu katika kila mechi, wote wakisharudi uwanjani, ajifute jasho, na chumbani walibaki watu wawili, yeye na katibu. Hata katibu alikuwa ameliona siku moja tu, kocha alipoinama kufunga kamba za viatu. Kocha mwenyewe alishafariki, na alikuwa mtu wa kufa na siri yake. Golikipa asingeweza kulijua. Hakuna aliyeweza kulijua.

"Wewe," katibu alisema, "ulikuwa wapi?"

Mgeni aliinua kidole, akaonyesha dari.

"Mlinikataa kwenye majaribio, nikaajiriwa kutengeneza taa za uwanja, na nyaya zake zilipita darini mwenu," alisema. "Kikosi chenu sikitaki, katibu. Naomba uniandike pale ulipomwandika mdogo wako."