Mtoto wa Kumi na Tisa

"Wa kumi na tisa bado, Daktari," alisema Jepchumba, nesi aliyefuatilia watoto waliotoka wodini. "Nyanya aliyekuwa akimleta kliniki amezima simu. Nimefika mpaka kwao Kapsoya. Mlango umefungwa, majirani wanasema amerudi Siaya."

Awuor hakuinua macho. Alikuwa daktari wa hesabu, si wa sindano. Kazi yake hapo Eldoret ilikuwa kuwageuza watoto wenye saratani kuwa mchoro. Majina hayakufika mezani kwake. Zilifika namba tu. Mstari ulianzia juu, watoto thelathini waliojaribiwa dawa mpya wote wakiwa hai. Mmoja akifa, ulishuka ngazi moja. Aliyepotea aliwekewa kialama kidogo, na mstari ukasonga mbele kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mwache na alama yake," alisema.

Ndivyo alivyosema wiki iliyopita pia, na ile ya kabla yake. Akanywa chai iliyokwisha kupoa, asijue kama ina sukari au haina.

Jepchumba akavuta kiti, akaketi.

"Jumatatu madaktari wanauangalia huu mchoro. Wakiona dawa imefanya vizuri, wataanza kuwapa watoto wengine. Kama huyu amekufa na sisi tunasema amepotea, si tutakuwa tumewadanganya?"

"Ni mtoto mmoja tu."

"Si wewe ulinifundisha kwamba kati ya thelathini, mmoja ni wengi?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Awuor alisukuma kikombe kando, uso wake haukubadilika. Hakuwa na hasira. Hakuwa na chochote.

"Fungua fomu," alisema hatimaye.

"Ya nani?"

"Ya huyo. Amekufa. Tarehe tatu mwezi wa tano, saa kumi na moja alfajiri."

Jepchumba akamgeukia. "Kumbe umempata mtu wa familia?"

"Andika tu."

Akaandika. Kwenye skrini mstari ukashuka ngazi moja, ukaendelea.

"Hapa wanataka jina la aliyetoa habari."

"Weka langu."

"Sawa." Jepchumba alijaza upesi, akitaka kumaliza. "Halafu, uhusiano wake na mtoto. Hapo niandike nini, Daktari? Mfanyakazi wa ofisi?"

"Hapana," alisema Awuor. "Andika mama yake."