Oili ya Giaboksi

Sheria inasema gari likifunguliwa na mtu asiye na kibali cha ufundi, limshikilie mpaka mkaguzi afike. Niliijua. Lakini gia zilikuwa zinagonga, na foleni ya mafundi wenye kibali ilikuwa ya miezi saba. Nani ana miezi saba?

Jumamosi asubuhi nilitandika boksi uani, nikajilaza chini ya gari, nikamwaga oili ya giaboksi kwenye beseni. Nyeusi tii. Nikaipima kwa chupa za soda, nikatia mpya kwa kiasi kilekile. Ilibaki kuwasha injini na kupitisha gia moja moja ili oili isambae. Gari letu halikubali gia mlango ukiwa wazi, basi nikaingia, nikawasha, nikaufunga.

Loki zote nne zikajibana. Injini ikazima.

"Oili haijasajiliwa," gari likasema kwa adabu. "Tafadhali msubiri mkaguzi."

Nilipiga kioo kwa spana mpaka mkono ukafa ganzi. Nikabonyeza swichi ya dirisha; kioo kilishuka vidole vinne tu, kikagoma.

Mke wangu Saumu alikuja mbio. "Anakuja lini huyo mkaguzi?"

"Halijasema."

Akaingia ndani, akarudi na chupa ya uji na turubai. "Jua litakuchoma, baba Tunu," alisema, akaanza kulifunika gari.

Kabla hajamaliza, niliona ng'ambo ya ua gari la jirani yetu Semboja, ambaye tuliambiwa amesafiri tangu mwaka jana. Nalo lilikuwa na turubai. Mkewe alikuwa ameliinamia dirishani, akimimina uji.