Panya wa Lukuba

Bweni zima lilikuwa limempaka mbuzi wa Matroni rangi ya kijani, na sasa mmoja alitakiwa akakiri kwa niaba ya wote. Waliamua kwa mchezo: kila mtu aeleze asili ya neno la Kiingereza, na atakayeonekana muongo ndiye aende.

Zamu ikamfikia Lukuba, bingwa wa kudanganya. Safari hii, kwa bahati mbaya, alikuwa na ukweli mtupu.

“‘Muscle’, yaani msuli, limetoka kwenye Kilatini. Maana yake panya mdogo.”

“Kamdanganye bibi yako,” mwenzao Mdachi alisema.

“Haki ya Mungu. Ukikunja mkono, unamwona akipita chini ya ngozi.”

“Haya, tuonyeshe.”

Nje, Matroni alikuwa akimwita mbuzi wake. Lukuba akapandisha mkono wa shati, akakunja ngumi. Vichwa vyote viliuinamia ule mkono mwembamba kama mwiko, vikimsubiri panya.