Kikohozi cha Kwenye Santuri

Gitaa la kwenye santuri liliponyamaza, baa nzima pale Kitwe, mji wa migodi wa Zambia, ilikohoa kwa pamoja: kho, kho! Kisha vicheko, chupa zikagongana, wimbo ukaendelea.

Ndivyo mashabiki walivyoipenda bendi yao ya roki. Miaka mingi nyuma, mwimbaji alikohoa siku ya kurekodi wimbo huo, wenzake wakakiacha kikohozi kwenye santuri kama utani.

Kapembwa, mpiga dramu, ndiye pekee wa bendi hiyo aliyebaki hai. Aliketi chini ya spika, leso mkononi, akikumbuka walivyocheka siku ile, vijana waliotoka mgodini na vumbi la shaba bado masikioni. Mwaka haukuisha, wakamzika mwimbaji. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wote kwa kifua.

“Mzee, mbona wewe hukohoi?” shabiki mmoja alimtania. “Au umeusahau wimbo wenu?”

“Nitausahau vipi, mwanangu?”

“Basi rudisheni sindano ya santuri nyuma! Safari hii atuongoze mwenyewe!”

Sindano ikarudishwa. Macho yote yakamgeukia mzee.

Kapembwa akapeleka leso mdomoni. Gitaa lilikuwa bado linalia, zamu ya kukohoa haijafika, lakini kifua hakikungoja.