Makomamanga ya Ghalani

Mama mkwe aliporudi kutoka kumuuguza dada yake, Zamda alimpokea mzigo mlangoni na kusema yaliyokuwa yakimsumbua. "Mama, nimeyaharibu makomamanga. Yamekauka."

Yalikuwa mavuno ya kwanza aliyokabidhiwa tangu aolewe. Aliyakata kwa mkasi, akayatenga yenye ufa, akayapanga mazima ghalani juu ya majani makavu, yasigusane. Hata hivyo maganda yalizidi kusinyaa na kuwa magumu kama ngozi ya kiatu, na usingizi ukampaa.

Mama mkwe aliingia ghalani na vumbi la safari miguuni, akachagua komamanga lililosinyaa kuliko yote, akalipima uzito kiganjani, kisha akalipasua kwa kisu. Zamda akageuza uso.

"Hebu tazama, mwanangu."

Punje zilikuwa zimejaa tele, nyekundu, zinang'aa kwa maji.

"Ganda lazima likauke. La kuogopa ni lile linalolainika."

Zamda akaketi juu ya gunia huku akicheka na machozi yakimtoka. Mama mkwe akaketi kando yake, akampa nusu. Wakala, maji mekundu yakiwatiririka hadi viwikoni.