Chozi na Mpiga Picha

Katika bustani ya mimea aliishi Chozi, ndege mdogo asiyemeza neno. Siku moja Tumbili, mpiga picha mpenda sifa, alikwanyua majani yote yaliyoficha kiota chake ili picha itoke safi. Alipogeuka tu, Kunguru akalila yai lililobaki wazi.

"Umeniulia mwanangu!" Chozi alifoka.

"Ah, bibi wee! Mimi nawapenda ndege."

"Mapenzi gani ya kumvua mtu nguo hadharani?"

Chozi akahama, akajenga kando ya nyumba ya nyigu, akataga tena. Tumbili akamfuata, kamera shingoni, akaanza kukwanyua. Nyigu wakamvamia.

"Chozi, wakataze!" alilia, uso umeumuka.

"Niwakataze kwa haki gani?" Chozi alijibu, akiatamia. "Nao wana watoto."