Chumba cha Mama Mkwe

Mvule wa mama mkwe ulipokauka, mafundi wa kampuni ya nyumba walikuja na adabu zao zote, wakabomoa chumba chake tofali moja moja. Ndiyo sheria ya nyumba hizi za udongo: kila chumba kina mti wake wa asili kule mlimani, na mti ukifa, chumba huondoka nao.

Nakijwa, mke wa mwanawe, hakuweza kumtazama usoni. Kiangazi chote maji ya kisima cha nyumbani yalikuwa haba, na yeye, mmwagiliaji wa miti yao, aliyapandisha kwenye mti wa chumba cha watoto.

Mama mkwe hakulalamika. Alihamia chumbani kwa wajukuu. Kesho yake asubuhi Nakijwa alimkuta mlangoni na ndoo.

“Shikamoo, mama. Mlimani tena? Si mti wako umeshakauka?”

“Marahaba, mwanangu. Nakwenda kuutazama wako.”

Nakijwa alichungulia ndoo. Ilikuwa tupu, na kule mlimani hapakuwa na maji.